Kifutwe au kiachwe? Kifungu cha kusoma na kuandika katika Katiba ya North Carolina

Fungua Katiba ya jimbo la North Carolina, Marekani, Ibara ya VI, ushuke hadi kifungu cha 4. Utakuta sentensi ambayo kwa Kiswahili inasema hivi: kila anayejitokeza kuandikishwa awe mpiga kura lazima aweze kusoma na kuandika kifungu chochote cha Katiba hii kwa lugha ya Kiingereza.

Siku hizi hakuna mwandikishaji atakayekuwekea kalamu na karatasi mezani akupime. Sheria ya taifa ilipiga marufuku majaribio ya namna hiyo kwa nchi nzima mwaka 1970. Lakini sentensi yenyewe imebaki mahali pake, na gavana hana mamlaka ya kuifuta, wala karani wa uchaguzi. Ili itoke, kwanza sehemu tatu kati ya tano za wabunge wote wa kila nyumba ya bunge la jimbo, Raleigh, wakubali kulipeleka swali kwa wananchi. Kisha wananchi wapige kura, na wengi washinde.

Miswada ya kukiondoa imewahi kuletwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo swali linaweza kukukuta kwenye karatasi ya kura. Nimeandika hapa hasa kwa wale wa Greensboro, Raleigh, Charlotte na kwingineko ambao nyumbani wanaongea Kiswahili, wengi wao Wakongomani waliofika kama wakimbizi na sasa wamechukua uraia. Lakini yeyote anayependa kujua jinsi mstari mmoja wa Katiba unavyoweza kugoma kutoka atapata kitu.

Njia zilizopo ni nne, kwa hesabu yangu: kukiacha, kukifuta peke yake, kukifuta ndani ya kifurushi cha mambo mengine, au kukifuta na kuweka ulinzi mahali pake. Haziko sawa hata kidogo.

Kilivyoingia

Huwezi kuzipima njia hizo bila kujua kifungu kililetwa kufanya kazi gani. Katiba ya 1868, iliyoandikwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliwapa kura wanaume wote wa miaka 21 na zaidi, weusi kwa weupe, bila kuwauliza kama wanajua a, be, che. Jimbo likapata wabunge na maofisa weusi. Kisha Novemba 1898 wazungu wenye silaha wakaipindua serikali halali ya mji wa Wilmington na kuua watu weusi mitaani. Bunge lililofuata likaandaa marekebisho ya Katiba, na tarehe 2 Agosti 1900 yakapitishwa kwa kura: jaribio la kusoma na kuandika, na juu yake kodi ya kichwa ambayo mtu alipaswa kuilipa kabla ya kupiga kura.

Palikuwa na tatizo moja. Wazungu wengi maskini nao hawakujua kusoma. Waliotunga marekebisho wakapata dawa iliyokuja kuitwa kifungu cha babu: kama wewe mwenyewe, au mzazi au babu yako, mlikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867 au kabla yake, basi hupimwi, mradi ujiandikishe kabla ya Desemba 1908. Mwanzoni mwa 1867 watu weusi wa jimbo hilo, waliotoka utumwani juzi tu, walikuwa bado hawajapewa kura. Kwa hiyo mzungu asiyejua kusoma alipita mlango wa nyuma, na mweusi asiyejua kusoma, ambaye babu yake alikatazwa kufundishwa kusoma, akabaki nje.

George Henry White, mbunge mweusi aliyeliwakilisha jimbo hilo Washington, aliondoka bungeni 1901. North Carolina haikuchagua tena mtu mweusi kwenda Bunge la Marekani hadi uchaguzi wa 1992. Miaka tisini na zaidi.

Kodi ya kichwa ilifutwa 1920. Vifungu vya babu vilishindwa mwaka 1915 katika Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye shauri lililotoka Oklahoma. Jaribio likabaki, na likafanya kazi mikononi mwa waandikishaji. Agosti 1956 kijana mmoja aitwaye Henry Frye alikwenda kujiandikisha huko kwao Ellerbe. Alikuwa na shahada ya chuo kikuu, ametumikia jeshi la anga kama ofisa, na alikuwa njiani kwenda kusomea sheria. Ndiyo ilikuwa siku ya harusi yake. Mwandikishaji akamuuliza majina ya waliotia saini Tangazo la Uhuru, na maswali juu ya marais, kisha akamkatalia. Nani kati yetu angeyajibu hayo, na suti ya harusi inamsubiri nyumbani?

Msomaji wa Tanzania hapa hashtuki sana. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958–59 nao ulitaka mpiga kura awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Wakulima na wavuvi waliojua mambo ya vijiji vyao kuliko bwana shauri walikaa pembeni. Masharti hayo yaliondoka pamoja na walioyaleta. Leo Katiba ya Tanzania inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Mpiga kura haulizwi. Hiyo ni tofauti kubwa, na inafaa kuikumbuka unaposikia mtu akisema kwamba kutaka watu wajue kusoma ni jambo la kawaida tu.

Kukiacha kama kilivyo

Wanaotaka kiachwe hawana hoja moja, na si wote wana nia mbaya. Nazipitia kuanzia iliyo dhaifu.

Kuna wanaosema ni kumbukumbu: ukikifuta unawafichia watoto aibu ya wazee wao. Sioni uzito wake. Marekebisho ya 1900 yamo kwenye nyaraka za jimbo na kwenye vitabu, na mtu akitaka kuyasoma atayasoma. Katiba kazi yake ni kuamuru. Kumbukumbu ina mahali pake pengine.

Kuna wanaosema hakina madhara kwa kuwa sheria ya taifa imekwisha kukifunga mikono. Hii ina ukweli ndani yake, ila inategemea ni ukweli wa namna gani, na hapo ndipo panapotaka utulivu.

Mwaka 1959 Mahakama ya Juu iliamua shauri la Louise Lassiter, mwanamke mweusi wa kaunti ya Northampton katika jimbo hilihili, aliyekataa kufanyiwa jaribio. Majaji wote kwa kauli moja walimkatalia. Walisema jimbo linaweza kutaka wapiga kura wajue kusoma, ilimradi jaribio lisitumike kwa ubaguzi. Hukumu hiyo haijawahi kutenguliwa waziwazi. Kilichokuja baadaye ni sheria zilizotungwa na Bunge la Marekani: Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 6 Agosti 1965 ilisimamisha majaribio kwenye maeneo yaliyokuwa na historia mbaya, zikiwemo takriban kaunti 40 kati ya 100 za North Carolina, nyongeza ya 1970 ikasambaza marufuku nchi nzima kwa miaka mitano, nyongeza ya 1975 ikaifanya ya kudumu. Mahakama iliikubali marufuku hiyo Desemba 1970. Kaunti ya Gaston ilikuwa imejaribu kurudisha jaribio lake, na 1969 ikashindwa kwa sababu inayoeleweka na kila mwalimu: mmewapa watoto weusi shule mbovu miaka yote, hamwezi sasa kuwapima kwa kipimo cha shule.

Kwa hiyo kinachokizuia kifungu cha 4 ni sheria ya Bunge. Katiba ya Marekani yenyewe, kwa tafsiri iliyopo, haikatazi jaribio la haki la kusoma na kuandika. Sheria ya Bunge hubadilishwa na Bunge, na Mahakama inaweza kuikata vipande. Mwaka 2013 Mahakama iliondoa kipande kizito cha sheria hiyohiyo ya 1965, ile kanuni ya kuamua ni maeneo gani lazima yaombe ruhusa Washington kabla ya kubadilisha taratibu zao za uchaguzi. Marufuku ya majaribio haikuguswa siku ile, na sisemi kwamba itaguswa kesho. Nasema tu kwamba anayekiacha kifungu kwa kuwa hakina meno anategemea kufuli la jirani kulinda nyumba yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi. Je, tukiuliza tukakataliwa?

Hilo lilishatokea. Henry Frye, yule bwana harusi, alichaguliwa 1968 kuingia bunge la jimbo akitokea Greensboro, mtu mweusi wa kwanza kufika humo katika karne ile. Akasimamia pendekezo la kufuta jaribio. Tarehe 3 Novemba 1970 wapiga kura waliletewa mapendekezo saba ya kubadilisha Katiba. Sita yalipita, likiwemo lile la Katiba yenyewe mpya iliyoanza kutumika Julai 1971. Moja tu lilianguka: la Frye. Ndiyo maana Katiba ya 1971 ilizaliwa na sentensi ya 1900 tumboni, wakati sheria ya taifa ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku miezi michache kabla ya kura hiyo. (Frye mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka 1999 akawa Jaji Mkuu wa North Carolina, akiapa kuilinda Katiba yenye kifungu kilichomkataa.)

Ukikataliwa mara ya pili, kifungu cha wazee wa 1900 kinakuwa cha watu walio hai. Hilo si jambo dogo, na mtu anayesema "tusubiri mpaka tuwe na uhakika" namsikia. Lakini jimbo la sasa si lile la 1970, na kusubiri hakujawahi kuongeza uhakika wa mtu yeyote.

Kukifuta peke yake

Hapa swali ni moja, fupi: kifungu cha 4 kiondolewe au la? Faida yake ni kwamba halina pa kujifichia. Anayekataa anakataa hicho tu, wala hawezi kusema alikuwa anaogopa kodi au shule. Mpiga kura mwenye haraka analielewa akiwa amesimama kwenye foleni.

Ubaya wake ni huohuo. Mambo yaliyoandikwa peke yake hupigwa kura na watu wasioyajua, na mtu asiyejua mara nyingi hukataa. Swali lililosomeka "kufuta sharti la kujua kusoma" linaweza kumtisha mtu mwema anayependa elimu, asiyejua Wilmington wala kifungu cha babu. Kwa hiyo njia hii inataka kazi ya miguu: makanisa, misikiti, vinyozi, redio, vikundi vya simu. Pasipo hiyo, usipige hatua.

Kukifuta ndani ya kifurushi

Alabama imetufundisha somo la njia hii kwa gharama yake yenyewe. Katiba yake ya 1901 ilikuwa na maneno ya kodi ya kichwa na ya kutenganisha shule kwa rangi, yote yamekufa kisheria zamani. Mwaka 2004 wakaletewa pendekezo la kuyaondoa. Lakini pamoja na hayo lingeondoa maneno mengine ya 1956, yaliyosema Katiba haimpi mtoto haki ya kupata elimu kwa gharama ya umma. Wapinzani wakadaka hapo: mkiyafuta hayo, majaji watatuamuru kulipa kodi zaidi kwa ajili ya shule. Pendekezo likashindwa kwa tofauti isiyofika kura 2,000.

Mwaka 2012 wakajaribu tena, safari hii wakiyaacha yale maneno ya elimu mahali pake. Sasa wakapingwa kutoka upande wa pili: chama cha walimu na viongozi weusi wakasema hawawezi kupigia kura maandishi yanayorudia kwamba mtoto hana haki ya shule. Likashindwa. Mara mbili, kwa sababu zinazopingana, na kila mara maneno ya ubaguzi yakabaki kwa kuwa yalifungwa kamba moja na kitu kingine.

Njia iliyofaulu ilikuja 2022. Wapiga kura walikuwa wameshaidhinisha kazi ya kuisafisha Katiba nzima, kuondoa maneno ya kibaguzi na kuipanga upya bila kubadilisha sera. Wataalamu wakaifanya, ikaletwa kwa kura, na karibu watu watatu kati ya kila wanne wakasema ndiyo. Kwa hiyo kifurushi hufaulu kikiwa ni usafi mtupu. Kikichanganywa na jambo lenye kugusa mfuko au shule, kinazama, na kinazama na kila kilichomo.

North Carolina haina mrundo wa Alabama. Katiba ya 1971 ni fupi na imepangwa vizuri. Kufungua Katiba nzima kwa ajili ya sentensi moja ni kubomoa ukuta ili kutoa msumari.

Kukifuta na kuweka ulinzi mahali pake

New Mexico ilipoingia kwenye muungano 1912 ilifanya kinyume kabisa cha majimbo kama North Carolina. Katiba yake inasema haki ya kupiga kura haitazuiwa kwa sababu ya dini, rangi wala lugha, wala kwa kushindwa kusema, kusoma au kuandika Kiingereza au Kihispania. Na ili wasije wajukuu wakakibadilisha kwa haraka, kifungu hicho kimewekewa sharti la kutisha: kukibadilisha kunataka robo tatu ya wapiga kura wa jimbo zima na theluthi mbili katika kila kaunti.

Kwa mtu anayeongea Kiswahili nyumbani, hii ndiyo njia tamu kuliko zote. Marekani inawapa uraia watu wasiosoma Kiingereza, kwa sheria kabisa: aliyefika miaka 50 akiwa mkazi wa kudumu kwa miaka 20, au miaka 55 akiwa mkazi kwa miaka 15, hufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake. Mzee wa Goma au Uvira aliyeapa kwa Kiswahili ni raia kamili. Kifungu cha 4 kingesimama peke yake, mzee huyo ndiye wa kwanza kugeuzwa mlangoni.

Ila tuseme ukweli wa siasa. Kuomba bunge la Raleigh lifute sentensi iliyokufa ni jambo ambalo wabunge wa vyama vyote viwili wanaweza kulikubali bila kupoteza kitu. Kuwaomba waandike haki mpya ya lugha ni vita vingine, na vita hivyo vinaweza kulibeba lile la kwanza kaburini. Alabama ya 2004 imetuonyesha mchanganyiko huo unavyoishia.

Ningechagua ipi

Kukifuta peke yake, kwa maneno machache, kwenye uchaguzi mkuu wenye watu wengi, na baada ya miezi kadhaa ya kuwaeleza watu kilitoka wapi. Ulinzi wa mtindo wa New Mexico uje siku nyingine, kama swali lake lenyewe. Kukiacha ningekukubali kwa hali moja tu: kama hesabu zinaonyesha wazi kwamba kura itashindwa mwaka huo. Hapo afadhali kungoja miaka miwili kuliko kukitilia kifungu saini mpya.

Usitarajie makubwa siku ya pili yake. Kikifutwa, karatasi za kura hazitaanza kuchapishwa kwa Kiswahili. Sheria ya taifa inayolazimisha lugha nyingine inahusu Kihispania, lugha za Asia na lugha za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, na Kiswahili hakimo. Sharti la kitambulisho chenye picha, lililopigiwa kura 2018, litakuwepo vilevile. Kinachobadilika ni kwamba jimbo lenyewe litakuwa limeliondoa neno lake, bila kungoja Washington iendelee kulizuia.

Jambo la mwisho ni la mkononi. Karatasi ya kura ya huko huweka chaguo mbili, 'For' na 'Against'. Swali likiwa la kufuta, 'For' ndiyo inayofuta na 'Against' ndiyo inayokiacha kifungu kiendelee. Wapo watakaoona maneno ya kusoma na kuandika kwa Kiingereza, wakasirike, na kuweka alama kwenye 'Against' wakidhani wanalipinga jaribio. Mwambie mama kabla hajatoka nyumbani. Kama hasomi Kiingereza, sheria ya taifa inamruhusu kuingia na mtu amtakaye amsomee na kumsaidia kujaza: mwanawe, jirani, mtu wa kanisani. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Kwa hiyo bosi wake wa kiwandani hawezi kuwa msaidizi wake, hata kama ndiye aliyemleta kwa gari lake.